Wiski iliyodhaniwa imetiwa maji: kisa cha chupa 309

Simu ilikuja mwishoni mwa Februari, kutoka hoteli moja ya ufukweni upande wa Pangani. Msimamizi wa baa ni mtu mstaarabu, hakupaza sauti. Alisema wamefungua kasha la pili la wiski yetu na chini ya kila chupa kuna unga mweupe. Ukiitikisa chupa unapanda kama vumbi, ukiiacha unatulia tena. Walikuwa wameshapeleka chupa moja ipimwe. Lebo yetu inasema kileo ni asilimia 40. Maabara ilikuta 35.8.

Pombe kali iliyopungua nguvu, na ndani yake mashapo yanayofanana na ya maji ya kisima. Kwa mtu yeyote anayeuza au kununua vinywaji ukanda huu, mambo hayo mawili yakikutana jibu ni moja: kuna mtu kati ya kiwanda na meza ya mgeni amefungua, amemimina, amejazia maji. Wanunuzi wana haki ya kuogopa. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966 na hadi leo inapikwa, na hakuna mwenye baa asiyekuwa na hadithi ya chupa yenye jina kubwa iliyokutwa na kitu kingine ndani.

Kati ya ghala letu na hoteli ile alikuwepo mtu mmoja tu, dereva wetu.

Naeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mimi ndiye mpimaji. Ile 40 iliyoandikwa kwenye lebo ni namba niliyoisoma kwa jicho langu na kuiandika kwa mkono wangu.

Tunavyofanya kazi

Kiwanda chetu ni kidogo. Tuna mtambo mmoja wa shaba wa lita 500, matangi manne ya kuchachushia, ghala la mapipa, na chumba cha kujazia chupa kilichoezekwa bati. Tuko nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa Amboni. Tupo watu saba na mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mama.

Tunasaga mahindi ya Handeni, tunayapika uji mzito, tunauacha upoe hadi nyuzijoto 65 hivi, ndipo tunatia kimea cha shayiri kilichosagwa. Aliyewahi kutengeneza togwa anajua kinachofuata: uji unalegea, unakuwa mwepesi, na ukionja ni mtamu, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vimeukata wanga kuwa sukari. Togwa safari yake inaishia karibu na hapo. Sisi tunaupoza hadi 30, tunatia hamira, na baada ya siku nne tunakuwa na pombe changa ya asilimia 8 hivi, chachu, ambayo hakuna angeinunua. Tunaipika mara mbili. Upishi wa kwanza unatoa pombe yenye kileo cha kama robo. Upishi wa pili ndio wa kukata: kinachotangulia, chenye harufu ya gundi na ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, tunakitenga, kinachofuata ndio moyo, na hicho ndicho kinachokwenda kwenye pipa, mkia wake, wenye harufu ya gunia bichi, tunaurudisha kwenye upishi ujao.

Wageni wakija wanapenda kusimama hapo penye shaba na kupiga picha. Siwalaumu, panapendeza. Lakini kisa hiki hakikutokea kwenye mtambo, na nadhani makosa mengi ya viwanda vidogo kama chetu hayatokei huko. Yanatokea chumba cha pili, chenye tangi la chuma cha pua, mpira wa maji na daftari.

Mapipa yetu ni ya mwaloni, yaliyotumika Marekani kwa bourbon, wiski ya kule. Sheria ya kule inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, kwa hiyo wakilitumia mara moja huliuza, na sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti inalala kwenye mapipa hayo ya mtumba. Sisi tunajaza kwa asilimia 60 na kuacha miaka mitatu, ambayo kwa Uskoti ndiyo kima cha chini cha kisheria. Ila miaka mitatu ya Tanga si miaka mitatu ya Uskoti. Kule pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa mvuke unaopenya kwenye mbao. Huku joto halina msimu wa kupumzika. Pipa nambari 4, ambalo ndilo la kisa hiki, tulilijaza lita 200 na tulipolifungua lilikuwa na lita 150. Nguvu nayo ilikuwa imeshuka. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo maji yaliyomo ndani ya pipa hayana haraka ya kutoka. Kileo ndicho kinachotangulia. Kentucky, jimbo la Marekani linalotengeneza bourbon, kwenye ghorofa za juu za maghala yenye joto na ukavu, hali huwa kinyume na hiyo na nguvu hupanda.

Tukifungua pipa huwa tunapeleka sampuli maabara, hivyo nguvu ya pipa nambari 4 haikutegemea jicho langu. Ilikuwa 56. Naomba msomaji aishike namba hiyo pamoja na zile lita 150.

Alasiri ya kuchanganya

Wiski haitoki kwenye pipa ikaingia moja kwa moja kwenye chupa. Inashushwa kwa maji. Kutoka 56 hadi 40, zaidi ya robo ya kile utakachokunywa ni maji yaliyotiwa siku hiyo. Kwa hiyo maji hayo ni malighafi sawa na mahindi, na ndivyo yanavyopaswa kuheshimiwa.

Tangu tulipoanza, maji ya kushushia yalikuwa ya mvua: paa kubwa la ghala, mfereji, tangi la lita 5,000, chujio, na taa ya kuua vijidudu. Msimu ule vuli ilikuwa hafifu na Januari tangi likakauka. Nikatumia maji ya kisima chetu, yakapita kwenye chujio lilelile na taa ileile. Yalikuwa maangavu. Niliyaonja, yakawa mazuri. Sikuona sababu ya kumsumbua mtu kwa swali.

Ilikuwa saa kumi alasiri, kaskazi imekolea, bati linalia kwa kutanuka. Nilikuwa nimetia maji kidogokidogo tangu mchana, huku nikikoroga. Nikamimina sampuli kwenye silinda ya kioo, nikashusha haidromita, chombo cha kioo kinachoelea chenye mistari ya asilimia kwenye shina lake, nikaizungusha kidogo ili mapovu yaachie, nikainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa pombe. Shina likatulia kwenye 40. Nikaandika kwenye daftari: 40. Sikuandika kingine.

Kesho yake asubuhi tukajaza. Chupa za mililita 750, vifuniko, nailoni ya kubana kifuniko, stempu ya kodi juu yake, lebo, makasha. Zilitoka chupa 309. Mama alifurahi sana. Aliniambia, "Mwanangu, pipa hili lina baraka." Nami nikafurahi.

Mtu aliyebebeshwa

Siku ya pili baada ya ile simu, Mama alimwita dereva uani, mbele yetu sote.

"Mwanangu, mzigo wa Pangani ulilala njiani?"

"Haukulala, Mama. Niliondoka hapa saa moja asubuhi, saa tatu walikuwa wanashusha."

"Hukusimama popote?"

"Nilisimama Kigombe, nikanywa chai."

Chai ya Kigombe ikawa ushahidi. Mtu mmoja aliyekuwepo alikohoa, wengine wakatazamana, na kila mmoja wetu akaona picha ileile kichwani: gari limeegeshwa chini ya mnazi, turubai limefunuliwa.

Lazima nieleze dereva huyu ni nani. Ni mtu wa swala tano. Alipopata kazi kwetu mama yake mzazi hakuridhia, na alimwambia wazi kwamba riziki hiyo ina utata. Alikubali kazi kwa sharti aliloliweka mwenyewe: gari ataendesha, turubai atafunga, lakini chupa haishiki; kupakia na kushusha ni kazi ya wengine. Miaka miwili alishika sharti lake bila kelele. Ndiye aliyesimamishwa uani akituhumiwa kufungua chupa za pombe na kuiba kilichomo. Akasema, "Mama, kuibeba nimekubali kwa kuwa nina watoto. Kuiiba niipeleke wapi?"

Hakujibiwa. Aliambiwa akae nyumbani bila malipo mpaka uchunguzi uishe. Nilikuwepo, na sikusema neno.

Nilipaswa kusema, maana kulikuwa na mambo mawili ambayo yangetosha siku ileile. Hoteli yenyewe ilikuwa imesema kwamba stempu na nailoni za vifuniko zilikuwa nzima. Stempu ile ikifunguliwa inachanika. Tuliposikia hivyo tukasema siku hizi mafundi wapo. Na katika chumba changu kuna kabati ambamo kila mkupuo unaojazwa huachiwa chupa mbili za akiba. Nililifungua kabati hilo siku ya tatu. Sikuwa na shughuli iliyonizuia kulifungua siku ya kwanza. Nilikuwa nimeshaamini.

Nikaitoa chupa ya mkupuo wa pipa nambari 4 na kuielekeza dirishani. Chini, kwenye kona ya kioo, palikuwa na utando mwembamba mweupe. Nikaipindua. Utando ukavunjika vipande vidogo vidogo, vikateremka polepole ndani ya ile rangi ya asali, vingine vikimetameta vilipokutana na mwanga. Chupa hiyo haikuwahi kupanda gari. Haikuwahi kufika Kigombe. Nilikaa kwenye kiti, nikahisi mikono inanitetemeka.

"Ulipima saa ngapi?"

Nilimpigia dada mmoja wa maabara inayopima sampuli zetu. Nikamweleza yote: unga, 35.8, chupa ya akiba. Nilitarajia aniulize habari za chujio au za pipa. Badala yake akaniuliza, "Kaka, ile 40 yako ulipima saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Pombe yenyewe ilikuwa na joto gani?"

Sikuwa na jibu.

"Ndani ya shina la haidromita yako kuna kikaratasi. Kisome."

Nikakisoma. Pembeni ya vipimo, kwa herufi ndogo, kimeandikwa nyuzijoto 20. Haidromita hiyo nimeishika miaka minne.

Haidromita haipimi kileo. Inapima uzito wa kimiminika kwa ujazo wake. Kileo ni chepesi kuliko maji, kwa hiyo pombe ikiwa kali zaidi chombo kinazama zaidi, na mtengenezaji amechora mistari ya asilimia kwenye shina akikadiria kwamba pombe ina nyuzijoto 20. Pombe ikipata joto inatanuka na kuwa nyepesi. Chombo kinazama zaidi, nawe unasoma namba kubwa, ilhali hakuna hata tone la kileo lililoongezeka. Kwa pombe ya karibu 40, kila nyuzijoto moja juu ya 20 inakuongopea kwa takriban 0.4. Joto likiwa 30, ukisoma 40 ujue una kama 36.

Kuna majedwali ya kusahihisha jambo hili; yapo miaka mingi na hayana siri. Uskoti, kwenye chumba chenye nyuzijoto karibu 20, mtu anaweza kuyapuuza na asikosee sana. Tanga, mwezi wa pili, huwezi.

Sikutaka kuamini jedwali peke yake. Siku hiyohiyo, saa kumi, nikatoa wiski kutoka kwenye chupa ya akiba, nikaiacha chumbani ishike joto la chumba, nikaimimina kwenye silinda. Kipimajoto kilisema karibu 31. Haidromita ikasimama kwenye 40, palepale kama siku ile. Kisha nikaiweka silinda kwenye ndoo ya barafu, chombo kikiwa ndani, nikavuta kigoda. Shina likaanza kupanda. Lilipanda taratibu sana, kama mtu anayenyanyuka asikuamshe: 39, 38 na nusu, 38. Kipimajoto kilipofika 20 nikaitoa ndooni, nikaipangusa na kuinama. Mstari uliogusa uso wa pombe ulikuwa chini kidogo ya 36. Palikuwa pale tangu mwanzo.

Kwa kulinganisha, Ulaya tofauti inayoruhusiwa kati ya lebo na kilichomo kwenye chupa ya pombe kali ni 0.3 tu. Sisi tulikosea kwa zaidi ya 4.

Baadaye usiku nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kujaza. Lita 150 za asilimia 56 zina lita 84 za kileo kitupu. Kileo hicho hakiongezeki kwa kutiwa maji. Ukikishusha hadi 40 unapata lita 210, yaani chupa 280. Sisi tulijaza 309, na nyingine kidogo zilimwagika kwenye mpira na vipimo. Gawanya 84 kwa 35.8 ya mia unapata kama lita 234, chupa 312. Daftari letu lilikuwa limeshasema kila kitu. Zile chupa karibu thelathini tulizoziita baraka zilikuwa maji.

Unga mweupe

Hilo lilieleza nguvu. Unga ulibaki, na kwa siku mbili nilifuata njia isiyo sahihi.

Wiski ina mafuta mepesi na asidi za nafaka ambazo zinayeyuka vizuri kwenye kileo kingi. Ukiishusha chini ya 46 hivi na kuipoza, vitu hivyo vinajitokeza na kuifanya iwe na ukungu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wakubwa huipoza sana na kuichuja kabla ya kujaza, na wale wasiotaka kuichuja hivyo hupenda kujaza kwa 46 au zaidi. Nilidhani ndio ugonjwa wetu. Lakini ukungu wa aina hiyo ukiupasha joto unayeyuka na kutoweka. Nikaitumbukiza chupa kwenye maji ya moto ya kuoga. Unga ukabaki unga.

Nikafikiria chokaa. Mji wa Tanga umekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayohayo, na saruji inatengenezwa Pongwe kwa sababu mawe yapo. Nyumbani kwangu birika la chai lina ukoko mweupe ndani ambao mke wangu anaukwangua kwa kisu, na sabuni kwenye maji ya kisima haitoi povu mpaka uitumie nyingi. Mambo hayo nayajua tangu utotoni. Nilipoingia kiwandani niliyaacha getini.

Nikakausha unga kidogo kwenye sahani, nikadondoshea ndimu. Jiwe la Amboni ukilitia ndimu linachemka vipovu. Unga wangu haukuchemka. Nikakata tamaa kidogo, kisha dada wa maabara akaniambia nisiwe na haraka. Mbao za mwaloni huipa wiski asidi zake, na mojawapo ikikutana na kalisi, madini ya chokaa yaliyomo kwenye maji magumu, hujenga chumvi nyingine, oksalati, ambayo haichemki kwa ndimu. Kalisi inaweza pia kushuka kama jasi. Chumvi hizi zinayeyuka kwenye maji matupu kwa kiasi fulani, kwenye kileo kwa uchache zaidi, na hazina papara: pombe inaingia kwenye chupa ikiwa safi kabisa, unga unaonekana baada ya siku au wiki.

Basi nikafanya jaribio ambalo halihitaji kujua jina la chumvi. Mitungi mitatu ya kioo, wiski ya pipa jingine ndani ya yote. Wa kwanza nikaushusha kwa maji ya kisima, wa pili kwa maji ya mvua ya dumu lililokuwa limebaki kwa jirani, wa tatu kwa maji ya betri, ambayo ni maji yaliyokenekwa. Huo wa tatu ulikuwa wa kutazama tu, si wa kunywewa na mtu. Nikaifunika na kuiweka rafu moja. Wiki ya kwanza ilikuwa sawa yote. Siku ya tisa mtungi wa kisima ulikuwa na utando chini. Mingine miwili bado ni safi hadi leo.

Kentucky pia wanajivunia maji yao yanayotoka kwenye mawe ya chokaa, na nilipokuwa naanza kazi hii nilisoma habari hizo nikafurahi, nikajiona tumebarikiwa mawe yaleyale. Sikusoma vizuri. Maji hayo wanayasifia kwa kupikia uji wa nafaka, ambako kalisi inaisaidia hamira na kimea. Ya kushushia wiski iliyokomaa ni maji yaliyotolewa chumvi zote.

Tulivyomaliza

Kabla ya kushughulikia chupa tulishughulikia mtu. Mama, mimi, na mzee mmoja wa mtaa tulikwenda kwa mama yake dereva. Dereva alikuwa amekaa nyumbani siku kumi na moja. Mama alimlipa siku zake, akaomba radhi, nami nikaeleza kwamba kosa ni la kipimo changu na si la mtu mwingine yeyote. Yule bibi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maneno yale mliyasema mbele ya watu. Radhi mnaileta sebuleni kwangu?"

Alikuwa na haki. Jumatatu yake Mama alituita uani, mahali palepale, akayarudia yote kwa sauti, na mimi baada yake.

Chupa 309, ukiacha zile zilizokwisha kunywewa na za akiba, tulizirudisha na kuzifungua. Tulipata kama lita 225. Tukaziacha zitulie kwenye tangi siku kadhaa, tukavuta kwa juu bila kugusa mashapo, tukachuja, kisha tukatia lita 56 za pipa jingine lenye asilimia 57. Hapo tukapata 40 ya kweli, iliyopimwa kwa nyuzijoto 20 na kuthibitishwa maabara. Stempu zilizochanika zilihesabiwa na kuandikiwa ripoti, hazibandikwi tena. Ilitugharimu sana, na karibu theluthi ya pipa tuliyokuwa tumeitunza kwa ajili ya mwaka ujao imekwenda.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kabatini. Nilipima upya sampuli zote za akiba za mikupuo ya nyuma. Ya Julai, niliyoipima alfajiri ya kipupwe, ilikuwa 39.3. Ya Oktoba ilikuwa 37.9. Kumbe Februari haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa mara ya kwanza kuonekana, na imeonekana kwa sababu ya unga. Kama tangi la mvua lisingekauka, ningeendelea kusoma namba za joto na kuziandika kwenye lebo. Mzigo wa Oktoba ulikuwa umeshanywewa wote. Tuliwaandikia wanunuzi, tukawaeleza, tukawarudishia tofauti ya bei. Wawili walishukuru. Mmoja hajaagiza tena.

Maji ya kushushia sasa yanapita kwenye mtambo wa kutoa chumvi, hata yakiwa ya mvua, na kabla ya kuyatumia nayapima kwa ile kalamu ya kupimia chumvi kwenye maji. Kisima chetu kinasoma zaidi ya 600. Maji ninayotumia hayazidi 20. Hatushushi kwa siku moja tena. Tunashusha kwa siku tano, tunaiacha ipumzike, na mpimo wa mwisho unafanyika kwenye silinda iliyopozwa, kipimajoto kikiwa ndani. Kwenye daftari hakuna namba ya kileo inayokubalika bila namba ya joto pembeni yake. Na kabla ya kujaza tunapiga hesabu ya kileo kitupu, ili tujue chupa ngapi zinapaswa kutoka. Zikizidi, tunasimama.

Dereva alirudi kazini kwa sharti la pili, juu ya lile la kutoshika chupa. Alitaka karatasi. Iandikwe nambari ya mkupuo, kileo, joto la kipimo, idadi ya makasha, na hali ya stempu kwenye chupa tatu zinazochaguliwa mbele yake. Niweke saini mimi, aweke yeye, na anayepokea upande wa pili aweke ya kwake kabla turubai halijafunuliwa lote. Ameshafanya safari nne kwa karatasi hiyo. Kigombe bado anasimama kunywa chai, na saa aliyosimama anaiandika mwenyewe, kwa kalamu yake.